Kabla hujayamwaga yale mafuta ya samaki

(Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya kikundi cha wapishi, wengi wa nyumbani na wachache wa biashara. Nimeiandika karibu vilevile nilivyoiongea, sehemu nilizojikwaa nimezinyoosha kidogo.)

Asanteni, kaeni tu. Aliyenialika aliniuliza utaongea muda gani, nikamwambia mafuta ya kukaangia samaki mi naweza kuyaongelea mpaka jioni, akacheka, akadhani natania.

Mliambiwa kila mtu aje na kachupa ka mafuta aliyokaangia samaki kwake, na naona mmekuja nazo, zingine zimefungwa mifuko miwili mitatu kama mtu kabeba siri ya familia. Msizifungue bado. Ziacheni hapo chini ya viti, tutazifikia.

Kwanza angalieni hizi mbili nilizoshika, hizi ni zangu. Mafuta yametoka karai moja, siku moja, samaki walewale, moto uleule. Ya mkono wa kulia niliyachuja yakiwa vuguvugu siku ileile, ya mkono wa kushoto niliyamimina kwenye chupa hivohivo na kila kitu chake. Leo zina siku 9. Hii ya kulia nikiweka kidole nyuma ya chupa mnakiona, si ndio? Rangi imekolea kidogo kama chai ya rangi iliyopoa lakini kidole kinaonekana. Hii ya kushoto hakionekani kitu, na ukiinamisha chupa hivi, angalieni kule chini, kuna tope linatembea pole pole, jeusi, halafu juu yake kuna kama utando. Hilo tope ndo mada yetu ya leo. Watu wengi wanadhani mafuta yameharibika kwa sababu yamekaangiwa, wakati mara nyingi yameharibika kwa sababu ya kile ulichokiacha ndani baada ya kukaanga, na hapo katikati, kati ya kuzima moto na kufunga mfuniko, ndo pana kazi yote.

Niwape ya kwangu kwanza ili msidhani nimezaliwa najua. Mi nimelelewa kwenye jiko la shangazi yangu, na shangazi alikuwa na kopo. Kopo la mafuta lililokaa pembeni ya jiko halikuwahi kuisha hata siku moja. Akikaanga, anarudisha humo humo yakiwa ya moto, yakipungua anajazia mapya juu, mwaka unaenda mwaka unarudi kopo liko palepale, na mimi nilidhani huo ndo ubanaji matumizi wenyewe. Nilipoanza kujipikia nikaiga. Siku moja nimekaanga samaki wabichi kabisa, nimewatoa wana rangi nzuri, mgeni akala kipande kimoja akaweka sahani chini taratibu akasema ameshiba, na mi nilimjua vizuri, huyo mtu hashibagi kipande kimoja. Nikaonja mwenyewe. Nje anawasha ulimi, ana ladha kama ya penseli za rangi, na ile shombo ya jana na ya juzi imekaa juu ya samaki wa leo. Samaki hakuwa na kosa, kopo ndo lilikuwa na kosa.

Sasa kwenye kopo lile kulikuwa na nini? Ntawaeleza bila kuwachosha, maana ukielewa hapa huhitaji mtu akupe sheria nyingi.

Samaki mbichi sehemu yake kubwa ni maji, kwa wengi ni kama asilimia 70 mpaka 80. Ukimweka kwenye mafuta ya nyuzi 170 hivi mpaka 180, yale maji yanakimbia yakiwa mvuke, yale mapovu yanayochemka pembeni ya samaki ni mvuke huo, sio mafuta yanayochemka, mafuta hayachemki kwa joto hilo. Ule mvuke una faida, unafunika uso wa mafuta kama blanketi na kusukuma hewa pembeni kidogo. Lakini una hasara pia, maana maji na joto vikikutana na mafuta vinayavunja vunja, zinatoka asidi za mafuta zilizo huru, na hizo zikizidi mafuta yanaanza kutoa moshi mapema kuliko zamani. Ndo maana mafuta yaleyale ambayo wiki iliyopita yalivumilia moto mkali leo yanafuka kabla hata hujaweka kitu. Na ile kitu inayochoma macho kwenye huo moshi inaitwa akrolini, inatokana na gliserini iliyoachiliwa mafuta yalipovunjika. Macho yakikuwasha jikoni usisingizie kitunguu.

Kwahiyo adui wa kwanza wa mafuta ni maji. Adui wa pili ni hewa. Oksijeni ikishirikiana na joto na mwanga inayafanya mafuta yachache, na hiyo ndo harufu ya kuchacha mnayoijua wote, ile ya mafuta yaliyosahaulika nyuma ya kabati. Na hapa samaki ana ubaya wake mwenyewe ambao viazi havina. Samaki anaachia mafuta yake mwenyewe humo ndani, hasa wale samaki wenye mafuta mengi, na mafuta ya samaki, hizi omega-3 tunazosifiwa kila siku kwamba ni nzuri kwa moyo, na kweli ni nzuri ukizila kwa samaki mwenyewe, ni laini mno mbele ya hewa. Kila mahali kwenye mnyororo wa mafuta penye kiungo mara mbili ndo mlango wa oksijeni kuingilia. Asidi kuu ya mafuta ya zeituni ina mlango mmoja, ya alizeti ya kawaida ina miwili, zile kubwa mbili za samaki zina mitano na sita. Kwahiyo mafuta uliyokaangia samaki yana safari fupi kuliko uliyokaangia viazi, hata kama yanafanana rangi. Mtu akikwambia mi yangu nayatumia mara nane hayana shida, muulize anakaanga nini.

Halafu adui wa tatu, ambaye mi namchukia kuliko wote kwa sababu ndo pekee anayeondoka kirahisi na watu wanamwacha: makombo. Unga uliodondoka, vipande vya ngozi, mapezi, magamba mawili matatu uliyoyaruka wakati wa kupaa samaki, punje za viungo. Haya makombo hayatulii. Karai likiwa motoni yanaendelea kukaangwa tu, samaki umeshamtoa yenyewe bado yanakaangwa, yanageuka mkaa, mkaa unatoa rangi na uchungu. Ukizima moto yanaenda kukaa chini, yana maji ndani yake bado, na yanaendelea kuyala mafuta kimya kimya usiku kucha. Raundi inayofuata unayapasha tena, sasa ni mkaa wa mkaa. Vile vidoa vyeusi vinavyong'ang'ania kwenye samaki wako, unavifuta kwa kidole havitoki, ndo hao.

Kwahiyo shangazi (namheshimu sana, kanilea) alikuwa na vyote vitatu kwenye kopo moja, na kila alipojazia mapya hakuwa anayaponya yale ya zamani, alikuwa anayaambukiza yale mapya. Uchachu una tabia hiyo, ukishaanza unajiendesha wenyewe.

Sawa. Tuingie jikoni sasa.

Kuchuja kunaanza kabla ya kukaanga, najua inasikika kama kichekesho lakini ndo ivo. Samaki mkaushe. Mkaushe kweli kweli, sio kumtingisha tingisha juu ya sinki, chukua kitambaa safi au tishu za jikoni mgandamize pande zote na ndani ya tumbo, maana kila tone la maji utakaloliacha ni kazi kwa mafuta, na ni kuruka ruka mpaka kwenye mkono wako. Kama umemtia chumvi mapema subiri, chumvi itavuta maji yatoke juu, yafute halafu ndo umwingize. Kama unampaka unga, mkung'ute, mpige kidogo na upande wa mkono, unga usioshika kwa samaki utashika kwenye chini ya karai. Na uwe na kijiko chenye matundu karibu, kati ya raundi na raundi unapitisha unazoa vinavyoelea. Mimi hii nilikuwa naona uvivu kuifanya, siku nilipoanza kuifanya mafuta yangu yalibadilika kuliko siku niliponunua chujio zuri.

Kitu kingine, ukimaliza kukaanga zima. Kuna watu samaki wa mwisho ameshatoka, wao wanaandaa meza, wanaongea na simu, karai liko motoni tupu linafuka. Hapo hata lile blanketi la mvuke halipo tena, ni hewa na moto moja kwa moja kwenye mafuta, unayazeesha bila kupata hata kipande cha samaki.

Umezima. Sasa subira, na hapa ndo watu wanapishana. Wengine wanachuja ya moto moto wakitaka wamalize kazi. Usifanye. Mimi niliwahi kumimina ya moto kwenye chupa ya plastiki, chupa ikajikunja mbele ya macho yangu kama mtu aliyepigwa tumboni, mafuta mezani, mafuta sakafuni, na mguu wangu niliuokoa kwa bahati tu, nilikuwa nimesogea kuchukua mfuniko. Mafuta yanashika joto muda mrefu na hayaoneshi, maji ya moto yanatoa mvuke unajua ni ya moto, mafuta yamekaa kimya tu unadhani yamepoa. Wengine nao wanaacha mpaka asubuhi, na hao nao wamekosea kwa upande wa pili, makombo yamelala humo usiku mzima na mafuta yakipoa kabisa yanakuwa mazito, hayapiti kwenye kitambaa, unasubiri tone moja moja mpaka unakata tamaa unatoa kitambaa. Wakati wake ni yakiwa vuguvugu. Ukishika karai kwa nje mkono unakaa bila kuruka, hapo ni sawa. Bado mepesi, hayakuunguzi, yanapita.

Sasa usichuje yote. Nasikia watu wanaguna. Mkiacha karai litulie bila kulitikisa, tope linakaa chini lenyewe. Mimina pole pole kutoka juu, yale masafi yaende kwanza, ukifika chini ukaona tope linaanza kusogea kuelekea mdomoni, acha. Hicho kidogo cha mwisho, vijiko vitatu vinne hivi, kiage. Ubahili wa vile vijiko vinne ndo unaochafua chupa nzima. Shangazi hakuwahi kuviacha, alikuwa anakwangua.

Chujio la chai peke yake halitoshi. Linashika vipande vinavyoonekana, ule unga wa mkaa ulio laini unapita wote unacheka. Weka chujio la waya, juu yake tandika kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili tatu, kitambaa kiwe kikavu kabisa, narudia, kikavu, maana kitambaa kibichi unarudisha maji yaleyale uliyoyakimbia. Ukiwa na karatasi za kuchujia kahawa ni nzuri zaidi, zinashika mpaka ile vumbi, ila ni za polepole na zinaziba, kwahiyo pitisha kwenye kitambaa kwanza halafu ndo karatasi. Usiminye kitambaa mwishoni. Mkono unawasha kutaka kuminya, najua, lakini ukiminya unalisukuma tope lipite. Liache lidondoke lenyewe.

Kuna wanaotaka yang'ae zaidi, kuna njia mbili nimezifanya mwenyewe. Moja ni ya wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kufanyia mchuzi mzito. Kwa kikombe kimoja cha mafuta unakoroga kijiko kikubwa kimoja cha wanga kwenye robo kikombe cha maji, unamimina kwenye mafuta ya baridi, unaweka moto mdogo kabisa, unakoroga bila kuacha, usiruhusu yachemke, dakika 10 mpaka 12 wanga unashikana unakuwa kama madonge na yale makombo yanaganda humo humo ndani, unachuja unatupa madonge. Nyingine ni ya jelatini, ule unga wa kugandishia jeli, kijiko kidogo kimoja kwenye nusu kikombe cha maji kwa lita moja ya mafuta. Unapasha yale maji mpaka jelatini iyeyuke, unamwagia kwenye mafuta yaliyopoa, YALIYOPOA jamani, huku unakoroga kwa nguvu, unafunika unaweka kwenye friji usiku. Asubuhi unakuta chini kuna kama kitumbua cha jeli, kichafu, kimebeba kila takataka, mafuta juu masafi unayamimina unaacha jeli. Mara ya kwanza nilipokiona kile kijeli nilimwita jirani aje aone. Ila zote mbili zinaingiza maji, kwahiyo siku ukiyapasha tena anza na moto mdogo, yakiwa na tone la maji yatakwambia yenyewe kwa kupasuka pasuka, yaache yatulie ndo uongeze moto.

Na niseme ukweli wangu, ukichuja vizuri kwa kitambaa na karatasi, kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Hizo mbili ni kwa siku umepata wazimu wa usafi.

Vipi kuhusu shombo? Hili swali naliulizwa kila mahali. Watu wanatumbukiza kipande cha kiazi, kitunguu, tangawizi, ganda la limau, mkate. Kiazi kinafyonza kidogo na kinaokota makombo yanayoelea, tangawizi na kitunguu vinaweka harufu yao juu ya harufu ya samaki. Inapunguza, haiondoi. Harufu nyingi iko kwenye vile vitu vilivyokwisha yeyuka ndani ya mafuta na hakuna kitambaa duniani kinachochuja kilichoyeyuka. Kwahiyo mi nilishaacha kupigana nayo, chupa yangu nimeiandikia SAMAKI kwa kalamu ya wino mkubwa na ndani yake anaingia samaki tu. Ya viazi iko kivyake. Tangu hapo hakuna mtu amekula kitafunwa cha asubuhi kwangu akauliza mbona kinanuka bahari.

Na ile chupa kuandikwa jina sio mapambo tu. Kuna watu samaki anawadhuru, mzio, wengine mpaka kushindwa kupumua, na protini ya samaki inabaki kwenye mafuta hata ukiyachuja mara tano. Mtu mwenye mzio wa samaki akila viazi vilivyokaangwa humo ni kama amelishwa samaki. Wenye biashara hapa, hili msilifanyie mchezo, mteja akiuliza mafuta haya mmekaangia nini, mwambieni ukweli.

Kuhifadhi sitachukua muda. Chupa ya kioo au ya chuma kisichoshika kutu, kavu, ijae mpaka karibu na juu ili hewa ibaki kidogo, mfuniko ukaze, gizani, mbali na jiko. Sio pembeni ya moto kama kopo la shangazi, pale ndo mahali pabaya kuliko pote, panapashwa moto kila siku bila kukaangwa kitu. Usitumie chombo cha shaba wala cha chuma kinachoshika kutu, hizo metali zinaharakisha kuchacha. Kwenye friji ni bora zaidi, yakigandamana au kupoteza uangavu usiogope, yakipata joto yanarudi. Mi yangu ya samaki siyapitishi wiki mbili tatu. Na sahauni habari ya kuacha vipande vya vitunguu saumu ndani ya chupa ya mafuta nje ya friji eti yanukie, kuna bakteria wa sumu, botulini, wanapenda palepale pasipo na hewa na penye unyevu kidogo, na wala hawatoi harufu ya kukuonya.

Sasa mara ngapi? Mnataka namba, naona kalamu zimeinuka. Mimi sina imani na namba. Mtu wa vipande viwili vya samaki mkavu asiye na unga na mtu wa ndoo nzima ya samaki wa unga wote wanasema nimetumia mara moja. Wenye viwanda na mahoteli makubwa hawahesabu mara, wanapima. Kuna kipimo kinachochovywa kwenye mafuta ya moto kinasoma vitu vilivyotokana na kuharibika kwa mafuta, kwa asilimia, na nchi kadhaa za Ulaya, Ufaransa na Ujerumani zikiwemo, zimeweka mpaka kwenye 24 au 25. India nao waliweka 25 kuanzia tarehe 1 Julai 2018. Yakivuka hapo hayaruhusiwi kumpikia mtu. Sisi wa nyumbani hatuna kile kipimo ila tuna macho, pua na kijiko.

Angalia povu. Mafuta mazima yana mapovu makubwa, yanapasuka haraka, ukitoa samaki yanaisha. Mafuta yaliyochoka yanatoa povu dogo dogo kama la sabuni, linapanda, linang'ang'ania ukingoni hata samaki akishatoka. Chota na kijiko uache yadondoke yakiwa ya baridi, yakidondoka kama asali nyepesi badala ya kukimbia, molekuli zimeshaanza kushikana, ni ule ule ugundi unaoukuta umekauka ukingoni mwa karai, wa kahawia, haufutiki hata kwa steelwire. Na moshi, yakifuka kabla ya kufikia joto la kukaangia hiyo hakuna mjadala. Rangi peke yake msiiamini sana, viungo na unga vinatia rangi mafuta ambayo bado yana uhai, na kuna mafuta meupe yaliyooza. Pua haidanganyi, ila nusa ya baridi, ya moto yote yananukia vizuri.

Halafu kuna jambo litawashangaza. Mafuta mapya kabisa hayakaangi vizuri kama yaliyotumika mara moja. Samaki wa kwanza kwenye mafuta mapya anatoka kapauka, wa raundi ya pili tatu ndo anapata ile rangi. Sababu ni kwamba kule kuvunjika kidogo kunatengeneza vitu vinavyofanya kazi kama sabuni, vinayasaidia mafuta kugusana na samaki mwenye maji maji. Vikiwa kidogo samaki anakaangika vizuri, vikizidi ananyonya mafuta, anatoka mlaini, mkononi amelowa. Ndo maana wapishi wa zamani wanapenda kutia kijiko cha mafuta ya jana kwenye mapya, na hawajakosea, kijiko. Shangazi alikuwa na wazo sahihi, kipimo ndo kilimshinda.

Moshi wenyewe nao tusiuchukulie kawaida. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilichapisha uchambuzi wake ukiweka mvuke na moshi wa kukaanga kwa joto kali kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Fungua dirisha. Wewe unayesimama juu ya karai masaa manne kila siku hilo dirisha ni lako kuliko mtu yeyote.

Na kwa sababu mafuta ya zamani yanafuka mapema, yanawaka mapema pia. Yakishika moto: zima jiko, funika na mfuniko au sinia ya chuma, ondoka uyaache yapoe. Usibebe karai kukimbia nalo nje. Na maji ndo kabisa usimwage, maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke palepale, na lita moja ya maji ikiwa mvuke inataka nafasi ya karibu lita 1,700, sasa hiyo nafasi itaipata kwa kurusha mafuta yanayowaka mpaka kwenye dari na kwenye uso wako.

Yakifika mwisho, yapoze, yaweke kwenye chupa au kopo, funga, tupa na takataka, au kama kuna mtu anayakusanya mpe. Kuna wanaotengeneza sabuni, kuna wanaotengeneza dizeli, na hilo sio jipya, kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa na mafuta ya karanga. Lakini sinki hapana. Mnakumbuka London mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel walikuta bonge limeziba bomba la majitaka, urefu mita 250, uzito kama tani 130, mafuta ya majikoni yaliyoganda pamoja na vitambaa na takataka zingine. Kipande chake walikipeleka makumbusho. Kila mtu alimwaga kikombe kimoja tu.

Haya, sasa zitoeni hizo chupa. Msionee aibu, mi yangu ya kushoto mmeshaiona. Wekeni mezani, kila mtu amfungulie jirani yake, sio ya kwako, pua yako imeshazoea ya kwako. Dada hapo mbele wewe anza, hiyo ya kopo la maziwa ya unga ni ya nani? Ya kwako baba? Imejaziwa mara ngapi? ... Eeh. Tangu lini? ... Jamani huyu tungekutana zamani, ningempeleka kwa shangazi.